Nyuzi za Krismasi Hazijafika

Mafinga,
22 Septemba 2024

Mwanangu Eveline,

Kamwene. Hapa nipo, naamka, nakula, nagombana na kuku. Baridi imeondoka, upepo umebaki, na vumbi la mbao kutoka viwandani linaingia mpaka kwenye sufuria ya maharage. Jirani yangu Devota anakusalimu. Bado anaimba sauti ya kwanza kwaya kuu na bado hataki kuambiwa kwamba sauti yenyewe imekwisha. Jogoo wangu mwekundu amekufa. Sikumchinja, amekufa mwenyewe, kwa hiyo usiniulize habari za supu.

Msalimu mumeo Gwakisa. Mwambie Shangazi Yusta anauliza kama gereji za Mbeya haziruhusu fundi kutuma salamu, maana Saulo anapita hapo Iyunga na lori la mbao karibu kila wiki. Wajukuu wangu wape pole ya shule.

Sasa niseme lililonikalisha juani na kalamu. Nyuzi hazijafika.

Nitakukumbusha kama mgeni, kwa kuwa umenyamaza kama mgeni. Kila mwezi wa tisa unawapima watoto: uzi mwekundu wa Happy, wa bluu wa Anyitike. Unaanzia begani unaishia gotini, fundo moja mahali mkono unapoishia, fundo la pili la kifua. Unatia kwenye bahasha, Saulo ananiletea, nami nashona nguo za sikukuu. Wewe mwenyewe nilikushonea hivyo hivyo tangu ulipoletwa kwangu ukiwa darasa la pili, ndugu yangu na mama yako walipotutoka. Hukuwahi kwenda kanisani Krismasi na nguo ya dukani.

Kitambaa nimeshanunua. Ni cha njano, kina maua madogo meupe, kinatosha gauni na shati. Mwenzio nimekaa nakitazama tu. Mimi sina Krismasi nyingine zaidi ya hizo nyuzi, Eveline. Pilau naalikwa kwa Devota, ibada naimbiwa, ila nyuzi ni zangu.

Zitume.

Shangazi yako,
Yusta Kalinga


Iyunga, Mbeya,
20 Oktoba 2024

Shangazi mpendwa,

Kamwene. Nisamehe kwa kuchelewa kujibu. Nimepiga simu mara nyingi, inaita mpaka inakatika. Sisi tuko wazima. Anyitike aliumwa masikio, amepona, sasa anasikia kila kitu hata kisichomhusu. Gwakisa anasema, "Mwambie Shangazi ugonile, ndiyo salamu yangu, na kwamba nimetubu." Pole kwa jogoo.

Kuhusu nyuzi, Shangazi, sijui nianzie wapi. Ngoja nianzie shuleni kwa Happy.

Mwaka huu mwalimu wao amewafundisha Krismasi ya kisasa. Kuna Baba Krismasi, mzee mnene wa ndevu nyeupe, anapita usiku na kuwapa zawadi watoto wenye adabu. Unatundika soksi yako, asubuhi unakuta imejaa. Halafu kuna mti ndani ya nyumba. Halafu, na hili ndilo wenzangu wa ofisini wote wanafanya, familia nzima inavaa pajama za kufanana, nyekundu, zina picha za mnyama kama swala mwenye pembe za matawi. Mnapiga picha asubuhi ya sikukuu, mnabaki nyumbani, mnakula pamoja. Hakuna watoto kuzunguka nyumba za watu na kurudi wameshiba soda.

Mimi na Gwakisa tumelijadili mpaka tumechoka. Jumatatu anasema hataki watoto wake wadanganywe kwamba zawadi inatoka kwa mzee asiyejulikana wakati baba yao ameinama chini ya magari mwaka mzima. Jumatano anakuja na sentensi nyingine, kwamba yeye utotoni hakuwahi kupewa zawadi hata moja, mbona tusiwape hawa. Happy akamuuliza kama Baba Krismasi ni Mlutheri au Mkatoliki. Gwakisa akamjibu ni Moravian, maana anafika kila kijiji. Sasa Anyitike anamwombea kila usiku pamoja na wachungaji. Nilitaka kumkataza nikashindwa kujua namkataza nini hasa.

Kwa hiyo, Shangazi, tumeona mwaka huu tujaribu hizo pajama. Upumzike kidogo na kushona. Umetushonea miaka mingi. Hicho kitambaa kizuri ushonee hata mapazia.

Usione vibaya. Nakutumia mchele wa Kyela, kilo tano.

Mwanao,
Eveline


Mafinga,
10 Novemba 2024

Eveline,

Kamwene. Mchele umefika, asante. Mvua imeanza, barabara ya kwetu imeshakuwa uji. Devota ameanguka mbele ya mwinjilisti, hakuumia popote ila heshima. Simu yangu usiihangaikie, haina spika, na simu ni ya misiba. Mtu mzima akiwa na jambo huandika.

Barua yako nimeisoma mara mbili juani na mara moja kivulini, sijaelewa. Pajama ninayoijua mimi ni ya mgonjwa wa wodini. Unataka wajukuu wangu washinde siku ya kuzaliwa Bwana wamevaa nguo za kulalia, mchana, mlango umefungwa, wageni watawaona saa ngapi? Wewe ulipokuwa mdogo ulikuwa unatembea katikati ya barabara ili watu wakuone pande zote mbili. Mama Zabron wa pale njiani alikuwa anakwambia, "Hebu geuka," na unageuka, na hukuchoka kugeuka mpaka jioni.

Huyo mzee wa ndevu sina ugomvi naye. Kama ana zawadi alete. Mti nao kama mnautaka, Saulo atawaletea tawi la mpaini bure, huku matawi yake tunafagilia. Mimi nilichokwama nacho ni neno lako moja. Unasema nipumzike. Nani amekwambia nimechoka? Nimekuandikia popote kwamba nimechoka?

Nimewaza siku nyingi kama nimekukosea. Labda mshono wangu umekuwa wa kizamani. Labda wenzako wa ofisini wamesema. Kama ni hivyo sema, nitaweka hata zipu ya pembeni. Nimeshindwa kujua nikasirike au nicheke, basi nimefanya vyote viwili, na Devota ameniona nikicheka peke yangu akaondoka.

Mapazia sishoni. Nyuzi za mwaka jana ninazo kwenye kopo. Nitaongeza vidole vinne kwa Happy na vitatu kwa Anyitike, nikate. Mtoto hakui kwa siri.

Shangazi yako


Iyunga,
17 Novemba 2024

Shangazi,

Kamwene. Tuko wazima wote. Naandika haraka kwa sababu Saulo ameegesha kwa Gwakisa na anataka kuondoka.

Tafadhali usikate. Nakuomba sana, kitambaa kiache kama kilivyo. Si mshono wa kizamani. Hakuna aliyesema neno ofisini. Hujanikosea kitu, mimi ndiye nisiyejua kusema.

Krismasi ya mwaka jana, Happy aliposimama mbele na watoto wa Sunday School kuimba, hapo ndipo mambo yalipo, lakini sitaki kuandika. Nimeanza sentensi hiyo mara tatu kwenye karatasi nyingine. Gwakisa anasema niseme tu, Shangazi si yai. Halafu anasema, au usiseme. Hivyo ndivyo alivyo siku hizi.

Nikwambie ukweli, hata hizo pajama sina raha nazo. Nimezilipia tayari, na kila nikizitazama naona nimefanya ujanja, ila sijui ni nani niliyemfanyia. Kila mwaka ulikuwa unajua tarehe ishirini tutafungua furushi lako. Mwaka huu watoto wameniuliza kwa nini hawajapimwa. Nimewaambia Bibi anapumzika. Happy akauliza, "Anaumwa?" Nikasema hapana. Unaumwa?

Nauliza kwa sababu mwandiko wako umekuwa mkubwa, na mistari inapanda kama inaenda mlimani. Jambo la mwisho, njoo Krismasi hii Iyunga. Chumba kipo. Nijibu hata kwa neno moja.

Eveline


Mafinga,
8 Desemba 2024

Eveline mwanangu,

Kamwene. Mwandiko huu ni wa Devota. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemwapisha asiongeze lake. Amekubali kwa shingo upande.

Barua yako ya mwezi uliopita imenifikia jana. Lori la Saulo liliharibika Nyololo likakaa huko kusubiri kipuri, na barua yako ikakaa ndani ya lori pamoja na vitunguu vya mtu. Bado inanuka. Unasema nisikate. Nilikwisha kata.

Nimekata vibaya, Eveline. Gauni la Happy nimelikatia mikono miwili yote ya kushoto. Nililaza kitambaa, nikapima kwa uzi, nikapitisha mkasi, nikanyanyua, nikaiweka mikono sambamba kwenye mwanga wa mlango, na yote ilikuwa inatazama upande mmoja. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza hafanyi hivyo. Niliketi chini pale pale, na kitambaa kingine hakikubaki cha kurekebisha.

Sasa nimalize sentensi yako uliyoishindwa. Gauni la mwaka jana lilikuwa na mkono mmoja unaofika kwenye kifundo na mwingine unaoishia chini kidogo ya kiwiko. Uliniletea picha ya watoto wakiimba. Watoto wote wamenyoosha mikono juu, Happy ameuficha wa kulia mgongoni. Niliipeleka ile picha juani nikaitazama mpaka nikaelewa. Walimcheka, sivyo? Usinijibu, najua watoto. Nimeujua mkono ule tangu siku ile, na nimekaa na wewe katika barua mwaka mzima, wewe unanificha mimi na mimi nakuficha wewe, jambo lile lile.

Ni jicho. La kulia limefunga ukungu mweupe, la kushoto linalifuata. Daktari anasema ni mtoto wa jicho, linasafishwa, mtu anarudi nyumbani. Sikwenda. Nikienda, nilisema, watajua, na wakijua watasema bibi huyu asishone tena. Na nisiposhona, mtaniandikia barua ya nini? Mchele utakuja, sikatai, lakini mchele hutumwa hata kwa mtu usiyemjua. Hilo ndilo nililoliogopa. Sikuogopa kisu.

Kwa hiyo pajama vaeni. Sina neno. Nakurudishia kopo na nyuzi zote zilizomo, za Happy na Anyitike tangu wa kwanza, na zako pia zimo, zile nyeupe nilizokuwa nafumua kwenye magunia ya unga. Vipimo vya watu nisioweza kuwashonea sina haki ya kukaa navyo. Nimefungia kwa ile mikono miwili ya gauni, ndiyo kitambaa kilichokuwa karibu.

Saulo analeta na tawi la mpaini, maana niliahidi.

Iyunga siji. Nikija mtanishika mkono kwenye kila ngazi, na watoto wataona.

Shangazi yako Yusta.

(Mimi Devota nimeongeza hili peke yangu: ameanza kunipa ufunguo wa nyumba nikae nao, tundu la kufuli halioni tena. Pigeni kwa simu yangu.)


Iyunga,
29 Desemba 2024

Shangazi wangu,

Kamwene, na heri ya sikukuu. Nilipiga simu kwa Devota asubuhi ya Krismasi, nikakuita, ukasema "Haya, haya" ukarudisha simu. Kwa hiyo naandika. Mtu mzima akiwa na jambo huandika.

Nililia na barua yako. Nililia jikoni, Gwakisa akaingia akadhani ni kitunguu, akakichukua kisu akaanza kukata yeye. Ndiyo, walimcheka. Na mimi nilimwambia Happy asikwambie kamwe, nikaona namlinda yeye na wewe pia, na mwisho wake nikakuondolea kitu chako pekee. Naumia, Shangazi. Basi, nimesema.

Ngoja nikueleze tulivyosherehekea, ingawa hata sasa sijui tumefuata mila ya nani.

Tawi lilifika likiwa limepoteza sindano nusu. Gwakisa alilisimamisha kwenye rimu ya gari. Taa za kumetameta nilizonunua ziliwaka dakika chache zikanyamaza, fundi wangu wa magari akazifungua akazimaliza kabisa. Mti ukabaki mtupu, watoto wakaniangalia. Nikaenda kuchukua furushi lako chumbani ili walau nilifungue wakiwepo.

Happy aliuona uzi wake mara moja. "Huu ni mimi," akasema. Akautafuta mwingine. "Na huu ni mimi nikiwa mdogo." Anyitike alizichukua za bluu zote akagoma kuzigawa. Hakuna aliyewaambia la kufanya, Shangazi. Wakaanza kuzifunga kwenye matawi, fupi juu, ndefu chini, na walipokuwa wanabishana ipi ni ya mwaka gani walikuwa wanasimama kujipima.

Halafu mikono ya njano. Anyitike alitaka kutundika soksi na soksi zake zote zina matundu. Akaichukua ile mikono miwili, akauliza kwa nini bibi ameshona soksi zisizo na mguu. Gwakisa akazishona pembeni na chini kwa ile sindano yake ya viti vya magari, mishono mikubwa kama ya gunia. Zikatundikwa. Asubuhi zilikuwa na pipi na kalamu za rangi. Aliyeziweka humo Happy anamjua, maana mkononi mwa Moravian wetu kulikuwa na grisi mpaka kwenye kiwiko.

Pajama tulivaa. Ya Gwakisa iliishia kwenye ugoko. Tulipiga picha moja, halafu Anyitike akagoma kuivua, akaenda nayo kanisani na gambuti za mvua. Nilidhani nitaaibika. Nilipofika nikakuta watoto wengine wawili na pajama hizo hizo, mama zao wakiniangalia kama wanaoniuliza tunafanya nini. Baada ya ibada watoto walizunguka nyumba za watu kama kawaida, wakarudi wameshiba soda. Nilikuwa nimepanga vingine kabisa.

Bado kuna la uzi. Usiku wa mkesha Happy alikuta uzi mmoja mweupe wa gunia, akauliza huu ni wa nani. Nikamwambia ni mimi, nilipokuwa darasa la tatu kwa Bibi Mafinga. Akauweka begani kwake. Uliishia gotini kwake sawasawa. Akaniangalia juu mpaka chini, akasema, "Mama, ulikuwa mtu mdogo hivi." Alilala nao mkononi.

Mwakani tutafanya nini sijui. Gwakisa naye hajui, ila leo ni Jumapili, Jumatatu atajua.

Ndani ya barua hii kuna uzi mwekundu. Happy amejipima mwenyewe, mimi nimeshika ncha tu. Nilimwambia Bibi hashoni sasa, macho yanamsumbua, sikumficha. Akasema anajua, uzi huu si wa gauni. Anasema wa mwaka huu haujaingia kwenye kopo. Kwa hiyo narudisha na kopo lenyewe, na nyuzi zote zimo isipokuwa ule mweupe. Ule amekataa kuutoa.

Mwanao,
Eveline


Mafinga,
19 Januari 2025

Mwanangu Eveline,

Kamwene. Devota anaandika tena, na safari hii nimemtishia ufunguo. Mvua hapa haikatiki, mahindi yamenifika kiunoni, kuku mmoja ametaga ndani ya droo ya cherehani. Nimemwacha.

Mwambie Gwakisa mishono mikubwa hukatika, na soksi hushonwa ndani nje. Mwambie pia asante. Mwezi wa pili kuna madaktari wa macho wanakuja hospitali ya wilaya. Devota ameniandikisha bila kuniuliza na sijamgombeza sana. Wewe ukitaka kuja kunishika mkono kwenye ngazi, njoo. Ngazi za hospitali hazinihusu, ni zao.

Habari ya pajama kanisani sijaielewa, na Devota amenisomea mara mbili. Msinieleze tena.

Kopo limefika. Uzi umefika. Juani sikuuona vizuri, basi nikafumba macho nikaupima kwa mkono, nikauweka sambamba na wa mwaka jana, ncha kwa ncha. Nilikuwa nimesema niongeze vidole vinne. Ningekosea. Ni sita.

Mwambie amekua.

Shangazi yako,
Yusta